Ghati wa Ukurasa wa Tisa

Jumatatu asubuhi Athanas Mogesi alikuwa anaosha brashi zake kwenye kopo la maziwa ya unga, mwalimu Lilian wa darasa la kwanza alipoingia na kitabu mkononi. Athanas alichora vitabu vya watoto katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi pale Bomani, mjini Tarime, na walimu walizoea kumpitia. Lilian alifungua ukurasa wa tisa na kumwonyesha kwamba yule msichana wa dawati la mbele amekua tena. Sketi ilikuwa imepanda juu ya magoti, na wavulana walishaanza kucheka.

Athanas alikubali kwamba ni kweli. Alichukua kalamu ya wino, akashusha upindo wa sketi, akapaka bluu, akapuliza mpaka pakakauka. Lilian alisema shuleni viko vingine thelathini na vinane. Akamwambia avilete.

Msichana huyo alikuwa Ghati, binti wa dada yake Boke wa kule kijijini Genkuru. Miaka minane nyuma, mchapishaji mmoja wa Mwanza alipomwagiza kitabu cha kujifunzia kusoma, Athanas alikwenda kwa dada yake na karatasi zake, akamkalisha Ghati kwenye kigoda kwa siku mbili. Alikuwa na miaka saba, meno mawili ya mbele hana. Mjomba alimpa penseli ajifanye anaandika. Yeye akaandika kweli. Kitabu kilipotoka, Ghati alikuwa dawati la mbele, na chini yake maneno mawili: Ghati anasoma.

Mwaka uliofuata yale meno yaliota katika vitabu vyote, kuanzia Tarime mpaka Mugumu. Walimu wawili watatu walimpigia mchapishaji simu. Aliwaeleza kwamba watoto hukua, na kwa kuwa hapakuwa na fungu la kuchapa vipya, mambo yakaishia hapo. Athanas akawa anashusha sketi kila Januari. Ghati alipoingia kidato cha kwanza, shati la kwenye picha likabadilika lenyewe, akabaki amebanana kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa ubao wa dawati, anaandika tu.

Mwezi wa sita Lilian alirudi. Safari hii dawati lilikuwa tupu na daftari limefungwa. Walifunua kurasa pamoja wakamkuta ukurasa wa kumi na nne, kwenye picha ya jikoni. Alikuwa amesimama kando ya mlango na sare yake, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Athanas alifunga chumba, akachukua bodaboda hadi Genkuru. Alimkuta shemeji yake Nchagwa anachimbia nguzo, analipanua zizi. Nchagwa hakuficha kitu. Kuna familia ya upande wa Serengeti imeleta posa, ng'ombe wanafika Jumamosi, na kaka yake Ghati, Heche, anataka kuoa kabla ya mwaka kwisha. Athanas alisema binti ana miaka kumi na mitano. Akasema yuko kidato cha pili na anaongoza darasa, na kwamba sheria ipo. Nchagwa alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea kiti.

"Shemeji," akasema, "wewe ulioa kwa ng'ombe gani?"

Ng'ombe aliowatoa Athanas kumwoa mkewe Agustina walitoka katika zizi hilohilo, mwaka Boke alipoolewa hapo. Boke alikuwa amekaa mlangoni anapepeta ulezi.

"Mimi nilikuwa na kumi na minne," alisema, bila kumtazama yeyote, akaendelea kupepeta.

Wiki ile Athanas alifanya kila alilojua katika kazi yake. Alimfuta Ghati jikoni kwa rangi nyeupe, akamchora upya kwenye dawati. Kufikia saa sita mchana alikuwa amesharudi jikoni, anajipangusa rangi nyeupe mabegani. Alimchora mwalimu akimwita. Mwalimu akaita siku mbili, mdomo wazi, siku ya tatu akaufunga. Akachora kufuli kwenye mlango wa jikoni, na Ghati akawa amefungiwa humo ndani. Jumamosi ng'ombe walifika Genkuru, na katika vitabu vyote sare ikawa kanga.

Dorah, mhariri wa kitabu hicho, alipiga simu kutoka Mwanza. Walimu walikuwa wanalalamika kwamba watoto wanasoma Ghati anasoma huku wanaonyesha kidole dawati tupu. Athanas alimwambia binti ameolewa. Dorah akasema ni rahisi kubadili maneno kuliko picha. Toleo jipya likatoka kabla ya Krismasi, na walimu wakalisifu kwamba sasa kilichoandikwa na kinachoonekana vinakubaliana.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata Athanas alisafiri hadi ng'ambo ya Mugumu kumwona. Ghati alikuwa jikoni, anasonga ugali, mtoto mgongoni. Alimwamkia shikamoo, akampangusia kigoda kwa upindo wa kanga. Waliongea habari za Boke na za mvua. Kisha akauliza kama bado yumo kitabuni.

"Umo," Athanas akasema.

"Na mtoto?"

"Yumo. Alitokea mwezi wa nne."

"Amekaa vizuri?"

"Amelala."

Ghati aligeuza shingo kumtazama mtoto, akaona amelala. Akauliza siku hizi chini yake wameandika nini.

"Ghati anapika," Athanas akasema.

Ghati aliyafikiria maneno hayo, mwiko umesimama ndani ya sufuria.

"Ni kweli," akasema, akaendelea kusonga.