Kiti cha Bwana, Section 58

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, saa moja kasorobo asubuhi, Nanyama alikuwa amesimama jikoni akikata vitunguu, mguu wa kushoto ameuegemeza kwenye mtungi wa gesi. Nyumba ni ya kupanga, katika mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, vyumba viwili, na jikoni kwenyewe watu wawili wakiingia, mmoja atatoka kinyumenyume. Kiti kikaingia. Kilikuja polepole kutoka sebuleni, kikiburuta miguu yake minne kwenye sakafu ya saruji, kikaipita ndoo ya maji, kikasimama nyuma ya magoti ya Nanyama.

"Leo umeamka mapema," Nanyama akakiambia, akaendelea na vitunguu. Hakukaa.

Kiti hicho kilikuwa chake. Ni vizuri hilo lisemwe hapa, maana ndani ya nyumba ile halikusemwa. Mumewe, Makhanu, ni fundi wa breki za malori kule Salgaa na ni mzee wa kanisa. Mwaka aliooa alinunua meza na viti vinne. Kimoja kilivunjwa na mgeni wa ushirika aliyejaliwa mwili, na fundi wa kukitengeneza amekuwa akija kesho tangu Krismasi ya mwaka juzi. Vikabaki vitatu: cha Makhanu, cha binti yao Valarie aliye kidato cha tatu, na cha Nanyama, kilichowekwa karibu na mlango ili ainuke upesi mtu akitaka chumvi.

Januari kanisa likatoa kalenda. Kila mwaka huwa na neno lake, na la mwaka huu liliandikwa kwa herufi za manjano juu ya picha ya tai: MUNGU KWANZA. Wengine waliitundika ukutani wakaendelea na maisha yao. Makhanu si mtu wa kutundika tu. Alitangaza kwamba kwake Mungu atatangulia kwa vitendo. Kikombe cha kwanza cha chai kitakuwa cha Mungu, sahani ya kwanza ya Mungu, na mezani Mungu atakuwa na kiti. Akavitazama viti vitatu. Hakukawia.

"Wewe hata hukaagi sana, Mama Valarie," alisema. "Uko tu mbio mbio huko jikoni."

Ilikuwa kweli. Kiti kikawekwa kwenye kichwa cha meza, kikafunikwa kitambaa cheupe ambacho Nanyama alikifuma mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa anakula wima, sahani juu ya pipa la unga.

Kazi yake ni katika kiwanda cha biskuti ng'ambo ya reli, kupanga pakiti kwenye katoni, saa nane kila siku akisimama kwa miguu yake. Februari miguu hiyo ilianza kuvimba. Nyuma ya goti la kushoto mshipa ukajitokeza, mnene, wa rangi ya bilinganya. Muuguzi wa zahanati, Jemutai, aliubonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki.

"Mama, ukifika nyumbani ukae chini. Hata ukipika, ukae," Jemutai alimwambia. "Hii mshipa ikipasuka, hicho kidonda utakaa nayo miaka."

Nanyama alisema sawa. Hakusema atakaa juu ya nini. Kochi lilikuwepo, lakini kochi halipiki.

Wiki hiyo hiyo kiti kikaanza kutembea. Makhanu alikuwa anabariki chakula cha jioni, macho kayafumba, kiti kikajivuta kutoka mezani, kikapita nyuma yake kuelekea jikoni. Valarie akainua miguu kukipisha, macho yasiondoke kwenye simu.

"Dadi, kiti imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Kwa mathe."

Makhanu alimaliza kwanza kubariki chakula, kisha akaenda kukirudisha. Kesho yake kikaenda tena. Kufikia Machi alikuwa amezoea. Kila jioni alikitoa jikoni kama wengine wanavyoingiza kuku, bila kinyongo, akikifuta vumbi njiani.

Mara moja tu Nanyama alikikalia. Ilikuwa Jumanne, yuko peke yake, anachambua maharagwe, na kiti kikamgusa nyuma ya magoti, taratibu, mpaka magoti yakakubali. Maumivu yakashuka kutoka mapajani hadi kwenye nyayo, yakaisha. Akalia kidogo. Hakuwa amejua kwamba amechoka kiasi hicho, na kujua kulimuuma kuliko mguu. Zilipita dakika saba hivi. Makhanu akaingia na grisi mikononi. Hakugombana, na heri angegombana.

"Mama Valarie," alisema kwa upole, "hapo ni pa Bwana."

Alimngoja ainuke. Kisha akapanguza kiti kwa leso safi, akakirudisha. Nanyama hakukikalia tena.

Sasa Jumapili hii, baada ya ibada, Mchungaji Ooko alikuja pamoja na wazee wanne kuliangalia jambo hilo la kiti kinachotembea. Nanyama alikuwa amechinja kuku wawili, kwa sababu mchungaji haingii nyumba ya watu akatoka na harufu ya sukuma wiki. Wageni wakaketi kwenye kochi. Kiti kikaletwa katikati, kikatulia kidogo, kisha kikaelekea jikoni. Mchungaji akakitazama hadi kikapotea mlangoni. Katika utumishi wake alishaona mimbari inayotoa jasho, kwa hiyo hakusumbuka.

"Si ni vile tu kiti ni ya mathe?" Valarie alisema. "Inamfuata. Anaumwa na miguu."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wazee walikuwa wameshafumba yao kwa maombi. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Alipofumbua macho alikuwa na jibu.

"Bwana amechagua jikoni," alisema. "Ibada ya hii boma itafanyika huko."

"Amina," Makhanu akasema, na machozi yakamtoka. Tusimwonee, machozi yale yalikuwa ya kweli.

Watu wazima sita wakajipanga jikoni, mabega kwa mabega, mmoja kakumbatia pipa la unga. Gesi ikazimwa. Pakawa hapana nafasi ya mpishi.

"Mama Valarie, songa huko nje kidogo utumalizie kupika," Makhanu akamwambia. "Wageni wasikae njaa."

Nanyama akabeba jiko la makaa, akabeba sufuria ya kuku na ya ugali, akajiweka nyuma ya nyumba karibu na kamba za nguo. Wingu lilikuwa linashuka kutoka upande wa Menengai. Alipoanza kusonga ugali, mvua ikamnyeshea. Aliinamia makaa ili yasizime.

Jikoni waliimba. Katikati ya wimbo kiti kikapita kati ya miguu ya wazee, nao wakasogea kukipa njia. Kikashuka ngazi moja, kikaingia matopeni, kikasimama nyuma ya Nanyama.

"Leteni mwavuli!" mchungaji akaita kutoka mlangoni.

Makhanu akakimbia. Alileta ule mkubwa wa kanisa, wa harusi na mazishi, akaufungua juu ya kiti. Yeye akalowa. Nanyama akalowa. Kiti kikasogea hatua moja kumwelekea Nanyama, kikatoka chini ya mwavuli. Makhanu akausogeza mwavuli, na mkono wake ukawa makini usipitilize hadi kumfunika Nanyama. Kiti kikasogea tena. Nanyama naye akawapisha, wakalizunguka jiko hivyo mara tatu, na mvua haikupungua.

"Asante Bwana kwa kuja kwangu," Makhanu alikuwa akisema. "Asante. Sikustahili."

Ugali ukaiva. Nanyama akapakua sahani ya kwanza, paja zima na mchuzi juu, akaiweka juu ya kiti, palipokuwa pakavu. Alipoinuka alihisi maji ya moto yakimtiririka nyuma ya mguu wa kushoto. Mvua ya Nakuru ni baridi. Akatazama chini, akaona matope yamekuwa mekundu hadi kwenye kandambili.

"Mathe, unatoka damu!" Valarie akasema kutoka dirishani.

"Nimeona," Nanyama akasema, akachukua sahani ya pili, ya mchungaji.

Kiti kikamgusa nyuma ya magoti, taratibu kama siku ile.

"Ngoja," akakiambia. "Wageni hawajakula."