Sheria Tatu Ukutani

Tovuti ya duka la ushonaji la shangazi ilikuwa inafunguka kwa kujivuta mno. "Nimebonyeza, nikaosha vyombo, nikarudi, kiduara bado kinazunguka!" alimlalamikia mpwa wake, fundi wa tovuti aliyeitengeneza.

Fundi akaikagua. Kiunzi alichokitumia, yaani ile mifupa ya tovuti ambayo mtu huichukua ikiwa tayari, kilikuwa kimebeba kalenda za lugha arobaini na mashine ya kuangusha theluji ya mapambo kwenye skrini. Akaona haya. Akaamua kuunda kiunzi chake, chepesi, na akabandika sheria tatu ukutani: Kisichotumiwa na watu wawili, nje. Kila kitu kiwe na kazi moja. Mgeni aelewe bila kuuliza.

Shangazi alipokuja kuona kazi imefikia wapi, alizisoma mara mbili, akazipiga picha, akaondoka bila hata kuaga.

Kesho yake asubuhi mumewe akapiga simu. "Mwanangu, umemlisha nini shangazi yako?"

"Shikamoo. Kwani kuna nini?"

"Marahaba. Kabati liko nje. Redio yangu iko nje. Na mimi niko nje."

"Wewe umefanyaje?"

"Kaniuliza kazi yangu moja ni ipi. Nikataja tano. Akasema nithibitishe hata moja."

Fundi akafika mbio. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi, katikati ya uwanja, amekumbatia redio. Shangazi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyumba sasa inafunguka haraka," akasema.

"Shangazi, kuna sheria ya nne," fundi akadanganya papo hapo. "Kisichohitajika kila wakati hakitupwi. Kinakaa pembeni kama kiambata, unakichomeka unapokihitaji."

Shangazi akamtazama mumewe kuanzia kandambili hadi kipara. "Huyu nitamchomeka wakati gani?"

"Wakati wa chakula," mzee akadakia.

"Na wa kuosha vyombo," shangazi akaongeza.

Mzee akakubali, mradi redio nayo iwe kiambata. Wakarudisha kochi ndani. Kabati halikuonekana tena. Jirani alikuwa ameshalibeba, akidhani linatolewa bure.

Jioni fundi aliiandika sheria ya nne kwenye kiunzi chake, kwa dhati safari hii, na tovuti ikafunguka kabla shangazi hajainua kidole. Shangazi akaikodolea macho kwa mashaka.

"Haraka hivi? Una hakika hujasahau kitu?"