Mama Aliyekwama Juu ya Kiunzi cha Saba

Usiku wa jana niliota mama yangu amekwama hewani, na aliyemkwamisha ni mimi.

Kabla ya kulala nilikuwa nikisoma ukurasa wake. Mtu nisiyemjua ameuandika juzi kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Mimi pia huihariri, kimyakimya, tangu nikiwa chuoni. Ukurasa ni mfupi: Subilaga Mwaipasi, mkimbiaji wa mbio za viunzi kutoka Tukuyu. Ndani yake kuna sentensi iliyoniuma, kwamba kwenye fainali ya taifa aligonga kiunzi cha saba akaanguka. Sikuimalizia. Wala sikuigusa. Nilifunga kompyuta nikajifunika.

Ndotoni ukurasa ni uwanja. Ni mchana, jua kali, udongo mwekundu, mistari ya chokaa. Sentensi zimetandikwa kwenye njia ya kukimbilia kama mikeka, na mama anakuja mbio juu yake. Ni msichana mdogo kuliko mimi, kaptura ya bluu, miguu myembamba. Naona anaikaribia ile sentensi. Nainama, nachukua ncha ya kanga yangu, naifuta. Inafutika kirahisi, kama maziwa yaliyomwagika mezani.

Mama anaruka kiunzi cha saba. Hatui.

Anabaki hapo juu, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Watazamaji wanasubiri. Wakichoka wanakunja miavuli yao na kwenda nyumbani.

"Tuse," mama anasema, bila kugeuza shingo. "Hapo chini kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Basi ndiyo maana."

"Na mimi je?" kinauliza kiunzi. "Mtu amekaa juu ya kichwa changu. Nimwangushe au nimpishe? Niambieni nijue."

Pale chini uwanja unapoishia anatoka mtu mfupi anayenifika gotini. Ana namba tatu begani na amekumbatia kipande cha gazeti.

"Mimi ni tanbihi," anasema. "Ile sentensi nilikuwa nimeishika kwa chini. Sasa nashika hewa. Umeninyima kazi, dada, na nina watoto."

"Samahani."

"Hiyo samahani ina chanzo?"

Sina. Nanyoosha mkono nimshike mama kifundo cha mguu nimvute chini. Hapo ndipo nasikia mlio nyuma yangu. Ko. Ko. Ko.

Mgongano wa Maslahi anakuja kwa miguu. Ana shingo moja na vichwa viwili, na kila akipiga hatua mapaji yake ya uso yanagongana. Kichwa kimoja kimevaa miwani. Kingine ni mimi nikiwa mtoto, nimevimba macho kwa kulia.

"Unamgusa nani?" kinauliza kichwa cha miwani.

"Mkimbiaji tu."

"Ni nani wako?"

Kanuni naijua. Nimewahi kuwaeleza wengine, kwa upole, na kuwawekea alama ya tabasamu mwishoni. Mwenye uhusiano na mtu aseme, kisha asiuhariri ukurasa wa mtu huyo kwa mkono wake. Aombe kwenye ukurasa wa majadiliano, wengine wamfanyie. Nikisema, nitazuiwa. Nikinyamaza, kifundo kile kiko karibu kabisa na vidole vyangu.

"Simjui," nasema.

Ko. Mama anapanda juu kidogo, kama puto.

"Hujawahi hata kumwona?"

"Sijawahi."

Ko. Anapanda tena. Sasa hata nikiruka simfikii.

"Muulize yeye," kinasema kile kichwa cha mtoto, na kufuta kamasi kwenye bega la mwenzake.

Kichwa cha miwani kinatazama juu. "Samahani huko! Huyu msichana hapa chini unamjua?"

Mama ananitazama. Ananitazama kwa adabu, kama anavyowatazama watu wa bima wanapobisha hodi.

"Hapana, simjui," anasema. "Labda amekosea uwanja."

Naogopa mpaka meno yangu yanagongana kwa mwendo uleule wa vile vichwa. Mimi ambaye hata mhudumu wa mgahawani naona haya kumwita, napiga kelele.

"Ni mama yangu! Mama yangu mzazi! Mimi ni Tusekile, kitinda mimba wake, na ile sentensi nimeifuta mimi!"

Mlio unakoma. Vichwa viwili vinaegemeana kama watu waliotoka safari.

"Ahsante kwa kutangaza," kinasema cha miwani. "Mikono, tafadhali."

Mikono yangu inaenda yenyewe nyuma ya mgongo na kukaa huko. Siihisi tena.

"Sasa nani atamshusha?"

"Asiye wake."

Uwanja si uwanja tena. Nimo kwenye ukumbi wenye mabenchi marefu, kama pale watu wanaposubiri kumwona daktari, na mlangoni pameandikwa Majadiliano. Dirishani bado namwona mama, mdogo kama ndege. Upepo umeanza. Kila ukivuma, anasogea upande wa milima.

Kwenye benchi la mbele mzee mmoja mwenye kofia anamenya karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Tukuyu."

"Mimi wa Pemba. Tuna ujamaa?"

"Hatuna."

"Na hivyo viunzi sivijui hata vinaliwa vipi. Vizuri sana. Haya, sema haja yako."

"Mama yangu mpendwa, shujaa wetu, aliyejitolea maisha yake yote..."

Kila neno likitoka mdomoni linaanguka sakafuni, kavu na jepesi. Mzee anayasukuma kwa mguu pamoja na maganda ya karanga.

"Punguza, binti. Waomba nini?"

"Naomba mama yangu aanguke."

Ukumbi mzima unageuka.

"He! Mwaona watoto wa siku hizi?" anasema mwanamke mmoja nyuma. "Mamake mwenyewe!"

"Mwache," mzee anasema. "Kaomba penye kuombwa. Chanzo?"

Tanbihi anatambaa kutoka chini ya benchi, anampanda mzee magotini, anakunjua gazeti lake. Mzee anasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"'Subilaga Mwaipasi aligonga kiunzi cha saba, akaanguka, akainuka, akamaliza mbio akiwa wa mwisho, goti likivuja damu.' Ndiyo uliyoifuta?"

"Sikujua kama kuna akainuka."

"Hukuisoma?"

"Niliishia penye akaanguka."

"Kanga yako je, iliishia hapo?"

Kanga haikuishia hapo. Ilifuta mpaka kwenye nukta.

Mzee anachovya kidole kwenye chokaa na kuanza kuandika sakafuni. Anaandika taratibu, kama mtu asiye na haraka na mama wa mtu. Anaandika aligonga. Kule nje kiunzi kinalia ka! "Pole, dada yangu," kinasema.

Anaandika akaanguka.

Mama anaanguka kutoka kule alikokuwa, urefu wote ule niliouongeza kwa mdomo wangu. Nataka kumdaka. Mikono haiji. Nabaki na macho tu, na siwezi kuyafumba. Anafika chini. Vumbi linapanda, linatulia, na yeye amelala kwenye udongo mwekundu, uso chini, hatikisiki.

Mzee anachukua karanga.

"Endelea, baba, nakuomba!"

"Usinisukume. Ukinisukuma, itakuwa umeandika wewe."

Anatafuna. Anameza. Anauliza kama kuna mwenye kujua mkato unakaa wapi. Yule mwanamke wa nyuma anasema baada ya akaanguka, mwingine anasema hauhitajiki, wanaanza kubishana. Kule nje mama bado amelala. Naogopa kwamba watabishana mpaka giza liingie.

Mzee anachovya kidole. Naona anaandika herufi moja, a.

Nikaamka.

Mikono nilikuwa nimeilalia, imekufa ganzi mpaka mabegani. Nikatega sikio. Chumba cha mama kilikuwa kimya, kimya kabisa, na nilishindwa kuinuka. Kisha nikasikia sufuria likiwekwa jikoni.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, gauni amelipandisha, anatazama goti lake.

"Tuse, hebu njoo uone. Nimelala mzima, nimeamka nimechubuka."

Jeraha lilikuwa bichi, juu ya lile kovu lake la zamani. Udongo wa kwetu ni mweusi. Uliokuwa gotini ulikuwa mwekundu, na katikati yake umepita mstari mwembamba wa chokaa.

"Ulianguka, Mama?"

"Nianguke wapi, kitandani?" Akacheka. "Na hata kama nilianguka, si nimeinuka? Nipe chai."

Sikumpa chai kwanza. Nilichemsha maji, nikatafuta kitambaa safi, nikapiga magoti mbele yake. Vidole vilikuwa bado vizito lakini vilinitii. Nikamgusa goti, na hakuna aliyeniuliza ni nani wangu.