Matawi ya Lambert

Mama Mujinga alikuwa ameambiwa kwamba njia ya mlimani ni moja tu. Uongo mtupu. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekatika juzijuzi, majani bado mabichi yamempita kimo, na kila mahali udongo ulipoporomoka watu walikuwa wamejitafutia pa kupita, huyu huku, yule kule, mpaka mlima mzima ukajaa vijia. Ziwa nalo halikumsaidia kitu. Walipotoka Kalemie alfajiri lilikuwa mkono wa kushoto, na huko ndiko alikoambiwa litakuwa siku nzima. Sasa akichungulia kati ya majani analiona kulia. Akasimama, akageuka, akaliangalia tena. Kulia kabisa.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, tulipoitana sitwayeni, yaani raia, ofisini na Papa na Mama nyumbani. Mujinga alipanda mlima kwa ajili ya mtoto wa kaka yake, Sébastien, aliyetaka kumuoa Dorothée wa kijiji cha ng'ambo ya pili ya mlima. Mjomba wa msichana, Papa Kalenga, alikuwa anasafiri siku hiyo kwenda Moba na boti ya mchana, na bila mjomba hakuna ndoa. Alikuwa ametuma neno: wafike na mali ya mahari kabla boti haijamchukua, la sivyo atajua wanamdharau, na msichana ana mchumba mwingine anayengoja. Kupanda boti hiyo hiyo mjini kungewafikisha wakati mjomba anaingia ndani yake. Basi wakatumia miguu.

Kaka yake Dorothée, Lambert, mvuvi mwenye miguu mirefu, ndiye aliyekuja kuwachukua. Alitangulia mbali, na Mujinga alimfuata kwa kusikiliza mluzi wake. Nyuma walibaki kaka yake Mujinga, Augustin, na Sébastien mwenyewe, pamoja na mablanketi, taa na mbuzi. Kijito cha chini kilikuwa bado kimejaa, na mbuzi alikataa katakata kutia mguu majini.

"Tangulia, dada," Augustin alimwambia huku akivuta kamba. "Tutakufikia huko juu."

Akatangulia, tena kwa furaha, maana alipenda aonwe wa kwanza. Lakini njia ile! Chini matope, juu mawe yanayoteleza kwa umande. Na kila panapogawanyika vijia viwili, tawi bichi limelala kwenye mdomo wa kijia kimoja. Watu gani hawa, Mujinga akajiuliza, wanaokata matawi na kuyatupa ovyo wapitapo? Akainama, akaokota la kwanza, akalirusha majanini. La pili vivyo hivyo. Mgongo ukaanza kumlalamikia, lakini hakuacha hata moja.

Juu ya kilele alimkuta Lambert amekaa juu ya jiwe. Wakangoja. Ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukafunika kila kitu, ukaondoka, ukarudi. Hakuna mtu, hakuna hata sauti ya mbuzi.

"Lakini beko wapi bale?" Lambert akasema. "Sielewi, Mama. Nilifunga njia zote."

"Ulifunga na nini?"

"Na matawi. Tawi likilala mbele ya njia, muntu hapiti. Niliwaambia asubuhi pale chini, wewe ulikuwa unaosha miguu."

Mujinga alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. Unafungaje njia kwa tawi? Yeye alizaliwa kambi ya reli Kabalo, akaolewa kambi ya reli. Huko kitu kikilala njiani hakisemi lolote, kinaua. Watoto walifundishwa kabla ya kujua kuhesabu: ukiona jiwe, ukiona gogo, ukiona hata tawi juu ya reli, toa. Mume wake, Léon, alikufa kwa mti uliolala relini baada ya mvua, kigari alichopanda na wakarabati wenzake kikauparamia mahali palipokuwa na kona. Tangu siku hiyo Mujinga hakuweza kuona kitu kimelala njiani akakipita. Angewezaje?

Ndipo akaelewa. Wanaume wale wawili walikuwa wamekuta kila njia wazi, kama milango ya sokoni.

Hakumwambia Lambert. Aliona aibu, huo ndio ukweli. Arudi nyuma? Arudi wapi, wakati hata ziwa halijui liko upande gani? Aende mbele? Na nini mkononi? Alizunguka mahali pamoja mpaka Lambert akamshika kiwiko.

"Twende, Mama. Boti haitangoja. Heri mjomba aone hata muntu mumoja."

Papa Kalenga walimkuta uani, amevaa kofia ya safari, sanduku miguuni. Mujinga akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima.

"Mali iko wapi?"

"Iko mulimani, Papa."

"Na wenye mali?"

"Nao beko mulimani."

Wanawake waliokuwa jikoni wakacheka. Kalenga hakucheka. Akamgeukia Lambert.

"Wewe. Nilijua. Tangu mwanzo hutaki dada yako aende kwa batu ya reli. Umewapoteza makusudi."

Hata Lambert mwenyewe hakujua kilichotokea, angejitetea na nini? Na hapo Mujinga aliona wazi njia ya kujiokoa. Akinyamaza tu, lawama inabaki kwa kijana. Ila hapo pia ndoa inakufa, na kijana wa watu anabaki na jina baya.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi, Papa. Niliondoa matawi yote, moja moja. Nilifikiri ni uchafu. Kwetu ku reli kitu kikilala njiani unatoa, maana muntu atakufa. Mume wangu alikufa hivyo. Sikujua kama njia inafungwa. Na sasa bale banapotea, na mimi hata sijui nilipita wapi."

Akalia, mtu mzima, mbele ya watu asiowajua.

Boti ikapiga honi ufukweni. Kalenga akainama, akachukua sanduku, akatoka kuelekea huko. Basi imekwisha, Mujinga akawaza. Atamwambia nini Sébastien? Akabaki amepiga magoti pale pale, hajui kama anaruhusiwa kuinuka.

Honi ikalia tena, mbali zaidi, na Kalenga akarudi uani. Sanduku bado analo. Mujinga akamwangalia, akaangalia ziwa, boti inaondoka. Hakuelewa.

"Lambert," mzee akasema, "usisimame hapo. Chukua batu, chukua ngoma. Wakwe zetu wamepotea mulimani, nenda ukawatafute."

Mujinga akageuka haraka kutazama mlima, akimhurumia yeyote yule aliyepotea huko pamoja na ndugu zake. Ilibidi mama mmoja atoke jikoni, amwinue kwa mikono miwili na kumwambia kwamba wakwe hao ndio hao hao ndugu zake.