Kikao cha Kampuni Iliyofutwa

Kampuni yetu ilikufa sisi hatuna habari, tukaendelea kuifanyia vikao. Vikao vya kweli, sitanii. Mama mwenyekiti, kaka mkurugenzi, mimi katibu, na mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Wakili kwa sababu ya mdomo wake tu, mweka hazina wa hazina isiyokuwepo. Kila mwaka, mwezi aliofariki baba, tunakaa kwenye meza ya kulia chakula, nasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, wanazithibitisha, wanatia sahihi, nazifungia kabatini kwa mama. Halafu tunakula.

Mali ya kampuni ilikuwa moja tu: nyumba tunayoishi mama na mimi. Baba alikuwa dereva wa lori, biashara hakuijua. Watoto wake aliwajua. Kaka ni mchomeleaji wa mageti, na akikosa hela ya vyuma alikuwa anaanza kuisifia nyumba kwa madalali. Wakili anauza simu, na kila akipata dili anaulizia hati iko wapi. Na mimi, fundi wa mapazia, niseme tu ukweli, nilikuwa nikipima vyumba kwa macho. Basi mtu mmoja akamwambia baba kwamba nyumba ya mtu inauzwa na mtu, lakini nyumba ya kampuni haiuzwi mpaka wenye hisa wote watie sahihi. Baba akafungua kampuni, akaiandikisha nyumba humo, akatugawia hisa sawasawa, akafa na amani yake. Wosia wake ulikuwa mmoja: kampuni ikae kikao kila mwaka. Tukakaa. Tulinuniana, tulirushiana maneno, lakini tulikaa.

Mwaka huu paa likaanza kuvuja chumbani kwa mama. Mvua ikinyesha anaamka kuhamisha ndoo, magoti yenyewe hayamtaki. Mwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara alitaka kupanga vyumba viwili vya mbele, na pango lake lingetosha kuezeka upya. Tukafurahi kabla ya wakati. Yeye ni mtu wa utaratibu, akamtuma mwanasheria wake kwa msajili wa makampuni kuhakikisha anapangishwa na nani. Mwenye duka akarudi mwenyewe, akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Mama, samahani sana," alisema. "Wananiambia kampuni hiyo haipo. Ilifutwa."

"Imefutwa na nani?" mama akauliza. "Mbona tumekaa kikao juzi juzi tu?"

Katika kampuni yetu anayetumwa ni katibu. Nikaenda ofisi ya kodi, nilikoelekezwa na msajili, na kumbukumbu zetu zote kwenye mfuko wa vitambaa. Nilikaa kwenye benchi la chuma mpaka miguu ikafa ganzi, nikaitwa dirisha la mwisho. Aliyenihudumia alikuwa dada mjamzito, amevua viatu chini ya meza. Aliangalia kompyuta yake kwa muda mrefu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Dada, hamjawahi kuleta ritani ya kodi hata moja."

"Kampuni haifanyi biashara," nikasema. "Tangu izaliwe haijapata hata senti."

"Basi mnaleta ritani ya kusema hamkupata senti. Kila mwaka, kabla ya tarehe yake kupita."

"Sisi kila mwaka tunakaa kikao." Nikamwekea furushi langu mbele yake.

Alichukua karatasi moja, akasoma. "Hapa mmejadili nani amevunja bomba la choo."

"Na ilipitishwa," nikamwambia.

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akaacha. Alinieleza taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari. Kila mwaka tulioukosa una faini yake, na faini ina riba, na riba haina likizo. Msajili naye hakuwahi kupata taarifa ya mwaka kutoka kwetu. Alituandikia onyo kwenye sanduku la posta la baba, ambalo tulilifunga wiki ile ile tuliyomzika. Hakujibiwa, akaifuta kampuni.

"Na mali ya kampuni iliyofutwa inakwenda wapi?"

"Inakuwa ya serikali, mpaka muirudishe kampuni."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikasema asante, nikatoka nje, nikakaa tena kwenye lile benchi ingawa sikuwa na foleni ya kusubiri. Niliogopa kweli. Mama yangu alikuwa nyumbani anahamisha ndoo kwenye nyumba isiyokuwa yetu, na mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kumwambia.

Jioni ile tuliitana kikao cha dharura. Ajenda haikusomwa, watu walianza na kelele.

"Ile ni kampuni ya limitedi!" Wakili alipiga meza. "Maana yake deni lina kikomo. Wakileta faini, tunawaambia kikomo kimefika!"

"Nimemuuliza hilo yule dada wa dirishani," nikasema. "Kikomo ni kwamba mdai wa kampuni hatakuja kukuvua shati lako. Hakikuzuii kupeleka ritani. Na mkurugenzi anaweza kupigwa faini yeye binafsi."

Kaka akaacha kutafuna. "Mkurugenzi nani?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nilipewa cheo tu! Katibu ndiye mwenye makaratasi."

"Mweka hazina ndiye wa mambo ya kodi," nikasema.

"Hazina ipi?" Wakili akafoka. "Nionyesheni hiyo hazina!"

Mama alinyoosha mkono. "Wahenga walisema, usipoziba ufa..."

"Mama, huo ukuta ndio umekwenda," kaka akamkatiza, na hakuna aliyecheka. Ndipo tukaona jinsi mama alivyokonda usoni. Tukakubaliana kuirudisha kampuni kwa gharama yoyote. Ilikuwa mara ya kwanza jambo kupita bila kupingwa.

Sitaki hata kuikumbuka miezi iliyofuata. Tulimpata mhasibu, mzee mwenye ofisi nyuma ya duka la kunakili karatasi, akaanza kuandika ritani za miaka yote iliyopita, moja moja, zote zikisema sifuri. Sikujua kwamba sifuri ina kazi kiasi kile. Nilizungushwa dirisha hili na lile. Huku wanataka mhuri wa kule, kule wanataka barua ya huku. Mwanasheria tuliyemkodi akapeleka maombi mahakamani, kesi ikaahirishwa kwa sababu hakimu yuko safarini, ikaahirishwa tena kwa sababu jalada halionekani. Wateja wangu wa mapazia wakahamia kwa wengine. Kaka aliuza jenereta yake, siku umeme ukikatika anakaa barazani na mikono mapajani. Wakili alikopa mahali ambapo mtu mwenye akili hakopi. Mimi niliuza cherehani kubwa nikabaki na ile ya mguu. Paa liliendelea kuvuja. Lakini nilikuwa najivunia ndugu zangu, na nilimwambia mama hivyo, na yeye akasema Mungu amemjibu.

Hatimaye amri ya mahakama ikatoka, faini ikalipwa, kampuni ikarudishwa kwenye orodha ya walio hai. Mhasibu alizileta hati nyumbani mwenyewe, mama akamkaribisha kwenye meza ya kikao.

"Mmeirudisha," alisema. "Sasa nawashauri muifunge. Ihamisheni nyumba iwe kwa jina la mtu, muachane na mambo ya ritani. La sivyo kila mwaka mtanilipa mimi, mtamlipa msajili, na siku mkipitiwa na tarehe, mchezo ni ule ule. Hii kampuni haina kazi yoyote, inawala tu."

"Jina la nani?" Wakili akauliza, haraka mno.

"La mama," nikasema.

"Halafu siku ya matanga yangu mgombanie funguo mlangoni?" Mama alitikisa kichwa. "Hapana. Mimi natafuta pa kupumzikia, sitafuti kesi."

"Basi majina yenu matatu," mhasibu akasema.

"Majina matatu ni mahakama tatu," kaka akajibu. "Nilikotoka juzi sirudi tena."

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Basi tajeni mmoja. Awe kaka yenu, awe dada yenu, awe huyu mdogo, mimi sichagui. Mkikubaliana mmoja wa kuniwekea nyumba hii, natia sahihi sasa hivi, huyu mzee wa ritani apumzike, na mimi nipumzike."

Kaka alikuwa akikuna makovu ya cheche mkononi. Wakili, ambaye hata msibani hukosi kumsikia, alikuwa ameinamia kikombe chake. Nilitaka kumtaja kaka. Kwa haki ni yeye, ndiye mkubwa, na jenereta ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Nikafungua mdomo, nikawaona madalali wakipita barazani na kamba ya kupimia, nikaufunga. Nikamfikiria Wakili na yule aliyemkopesha, nikamtoa hapo hapo. Jina pekee ambalo halikuniogopesha lilikuwa langu. Niliwatazama ndugu zangu nikaona na wao wamekaa hivyo hivyo, kila mmoja na lake.

Mhasibu akakohoa. "Lakini watoto hawa wamechangia kwa moyo mmoja, mama. Wameuza mpaka vitendea kazi vyao."

"Ndiyo," mama alisema. "Nilidhani wanauza kwa ajili yangu."

Nilitaka kusema ni kwa ajili yako, mama. Nadhani sote tulitaka. Lakini swali lake lilikuwa bado liko mezani na jibu lilikuwa jina moja tu.

Mama akavuta hati za kampuni upande wake, akazinyoosha kwa kiganja, akamgeukia mhasibu. "Tarehe ya kupeleka ritani mwakani ni lini?"

Mhasibu akamtajia.

Miaka yote ya vikao vile, mama hakuwahi kuniita kwa cheo; alikuwa akisema mwanangu, soma, mwanangu, andika. Siku hiyo hakuniangalia.

"Katibu," alisema, "andika hiyo tarehe."