Kidevu Kilichoinuka

Pale gereji walimwita Mama Spana, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alikuwa fundi kwa miaka kumi na tisa, na tangu mumewe afariki ndiye aliyeiendesha gereji, akisaidiwa na shemeji yake. Wiki tatu nyuma alikuwa amemwajiri mwanamume mwenye mvi, mtu wa kutoka mbali, wakamwita Mgeni. Kazi aliijua. Maneno ndiyo yalimtoka kwa shida, na mara nyingi ukimuuliza jambo alikuinulia kidevu tu, basi.

"Maringo hayo," shemeji alisema kila siku. "Mtu hana hata bisibisi yake, halafu anatuinulia kidevu!"

Siku hiyo lori lilikuwa juu ya jeki, gurudumu la mbele limetolewa, na mwenye lori alikuwa akipiga simu kila nusu saa. Mama Spana alitandaza boksi sakafuni, akajilaza chali.

"Mgeni! Umeweka magogo?"

Magogo ndiyo yanayolibeba gari jeki ikisaliti. Mgeni aliinama, akamtazama, akainua kidevu, kisha akaondoka. Vizuri, yamewekwa. Mama Spana akajisukuma chini ya lori mpaka kiunoni.

Nati ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu. Akaivuta kwa nguvu zake zote, lori likatikisika. Ndipo aliposikia sauti nyembamba, kama ya mtu anayepuliza chai. Mafuta ya jeki yakamfikia kiwikoni. Akageuza macho. Jeki ilikuwa inashuka, na pembeni yake hapakuwa na gogo hata moja.

Akajaribu kujivuta nje. Chuma kikamgusa kifua, kikambana. Akataka kupiga yowe, pumzi haikutosha.

Miguu ikaja mbio. Gogo likasukumwa, likagonga, likakataa kuingia, likasukumwa tena. Lori likalikalia kwa mlio mzito. Mikono ikamshika vifundo vya miguu, ikamburuta nje, mgongo ukichunika sakafuni.

Alipoketi, shemeji alikuwa amemkaba Mgeni shati.

"Ulitaka kumuua shemeji yangu! Amekuuliza kama umeweka, ukamwambia ndiyo!"

"Nilisema hapana." Vidole vya Mgeni vilikuwa vinachuruzika damu.

"Mwongo! Nimekuona kwa macho yangu haya. Uliinua kidevu!"

"Niliinua." Akakiinua tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Kwetu, hivi ni hapana. Nilikwenda kuyaleta. Nilijua atasubiri."

Shemeji akacheka kwa hasira. "Kidevu juu iwe hapana! Tangu lini?"

Mama Spana hakucheka. Kila mchana alikuwa akimuuliza, "Umekula?" Mgeni huinua kidevu, naye hufunika sufuria. Wiki tatu nzima.

"Mwachie," alisema.

"Shemeji, mtu huyu—"

"Mwachie shati, nimesema!"

Akasimama kwa kushikilia ubavu wa lori. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaelewa." Mgeni alitazama chini. "Na wewe huniita kwa kidole kimoja, hivi. Kwetu, hivyo huitwa mbwa. Siku ya kwanza nilitaka kuondoka. Kisha nikasema, labda kwao si tusi."

Mama Spana alikosa pa kuuweka mkono wake. Simu ikaita, akaiacha iite. Akachota maji, akamwosha Mgeni vidole, akavifunga kwa kitambaa safi. Neno lililomjia lilikuwa dogo mno.

"Nisamehe," alisema mwishowe, hata hivyo.

Shemeji aliliinua lori kwa jeki nyingine, akayabeba magogo mengine mwenyewe, akayapanga, akayapiga teke moja moja. "Mimi bado simwamini," alinung'unika. Hakuomba radhi siku ile, wala kesho yake.

Mama Spana alimtazama Mgeni. "Yako sawa? Niambie kwa mdomo."

Mgeni alipiga magoti, akayakagua yote manne. "Yako sawa."

Mama Spana akajilaza tena, akaingia chini ya lori. Kifua kilikuwa kinamuuma, lakini alifungua mpaka nati ya mwisho.