Sifuri Juu ya Takaperä

Alhamisi hiyo Raili Huovinen alirudi ofisini kutoka kula supu ya njegere, akavua viatu chini ya meza, akaanza kupunguza diski ya mashine pepe, kompyuta isiyo na mwili inayoishi ndani ya faili, yenye daftari la wakazi wa manispaa ya Lumivirta. Faili lilikuwa la gigabaiti themanini. Lilitakiwa kuhamia kompyuta mpya likiwa dogo, na katika muundo mwingine.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kitu kikifutwa kwenye diski hakiondoki. Huondolewa jina, chenyewe kikabaki pale pale, kimya. Kwa hiyo kwanza unajaza sifuri kila panapodaiwa kuwa patupu. Kisha unaandika amri ya mstari mmoja, mashine inazichuja sifuri na kunakili kilichobaki. Nakala ya akiba Raili hakuchukua: hapakuwa na nafasi, na nafasi ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

Sifuri zilipofika nusu, baba yake akapiga simu kutoka kijiji cha Takaperä.

"Raili, theluji jana ilikuwa magotini. Leo iko dirishani, na haijaanguka hata chembe."

"Umevaa miwani, baba?"

"Miwani ninayo. Kunguru katua juu ya paa letu, mkia unaning'inia kwa jirani."

"Na moyo?"

"Unakohoa kama injini ya boti kuukuu. Hiyo barabara wanaikwangua lini? Gari la wagonjwa halijafika huku majira matatu ya baridi."

Raili akaenda chumba cha kahawa. Mkuu wake, Mauno Lindroos, alikuwa akichovya mkate mtamu.

"Mauno, Takaperä mliifuta kwenye daftari?"

"Mwaka juzi. Kijiji kisicho na wakazi hakidai kukwanguliwa theluji."

"Kina watu kumi na tisa!"

"Kwenye daftari hakina. Usinikodolee macho, bibie, kunywa kahawa."

"Basi naisimamisha kazi."

"Simamisha. Utapata faili lililokatika katikati, halifunguki. Baba yako unamtaka mdogo au unamtaka nusu?"

Raili alirudi mezani, akangoja sifuri zimalizike, akaandika amri. Faili likatoka na gigabaiti tisa. Mauno akapita akasema safi sana.

Simu ikaita tena. Safari hii ilikuwa pumzi tu. Raili akaita gari la wagonjwa, akavaa viatu, akaendesha.

Takaperä, iliyokuwa ndani ya msitu kilomita kumi na mbili, sasa ilikuwa kando ya barabara kuu, kijiji kizima kikiwa na upana wa shuka la kitanda. Gari la wagonjwa lilikwisha fika. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa amelala kifudifudi juu ya theluji.

"Nyumba ipi?"

"Ya tatu. Yenye moshi."

Muuguzi akatoa sindano, akailinganisha na nyumba, akairudisha mkobani.

"Mwambie asijitikise."

"Baba, usijitikise," Raili akasema, polepole, maana pumzi yake ilikuwa inapeperusha theluji kwenye mapaa.

Walingoja. Moshi ukawa uzi, kisha hakukuwa na uzi.

Muuguzi akajipangusa magoti, akajaza fomu kwenye boneti: gari lilifika kwa dakika tisa, barabara inapitika.